Bahasha Namba Themanini na Tisa

Mimi si Mkatoliki, nianze na hilo.
Jumapili nakaa na Wabaptisti wenzangu, barabara ya pili,
ndani ya kanisa tulilowarithi Wajerumani.
Maneno yao yangali yamechongwa juu ya mlango.
Hatujui yanasema nini. Tunapita chini yake tukiimba.

Lakini saa kumi alfajiri, tangu mwaka wa sabini na tisa,
ni mimi, Lucius Tolliver, niteremkaye ngazi ishirini na mbili
chini ya Mtakatifu Kazimiri
kumwamsha Nyangumi.
Ndivyo nilivyoliita boila: tumbo la kumeza nabii,
kikohozi cha mvuta kiko.
Theluji ya Bafalo haiulizi mtu dhehebu lake.

Walilijenga watu wa tanuri za chuma na machinjio,
senti kumi kumi, kila Jumamosi ya mshahara,
wao wenyewe wakilala kwa zamu, wanne kitanda kimoja.
Majina yao yako miguuni pa watakatifu, kwenye vioo vya rangi:
Umoja wa Wajane. Chama cha Wachinjaji.
Mtakatifu Barbara amemsimamia muuza sabuni.

Nilipokuwa mtoto hatukukatiza uani kwao.
Nilikatiza mara moja, nikarushiwa kitunguu.
(Nilikiokota. Mama alikipika, hakuuliza kimetoka wapi.)
Kisha tanuri zikapoa, watoto wao wakafuata nyasi za vitongojini,
nyumba zikaungua moja moja,
kanisa likabaki kama jino la mwisho kwenye ufizi,
na funguo zote kumi na tisa
zikaja kuning'inia kiunoni mwangu.
Dunia hugeuka hivyo, polepole,
kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.

Alibaki Bibi Zdzisława Pruchnik.
Jina lile lilinichukua miaka sita kulitamka,
naye kwa miaka sita aliitika hata nilipolivunja.
Kila Jumapili alitia kapuni bahasha mbili:
themanini na nane, yake;
themanini na tisa, ya mumewe, Czesław,
aliyezikwa majira ya baridi, mwaka ule ardhi ilipogoma
mpaka wachimbaji wakawasha makaa juu yake.
Dola mbili ndani. Hazikupungua, hazikuongezeka.
Mapadre watano walimpitia,
hakuna aliyethubutu kulifuta jina daftarini.
Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu.
Lake lilikuwepo. Nililisikia likidondoka.

Barua ya askofu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.
Neno "kuunganisha" nililihesabu mara saba.
Misa ya mwisho walikuja mia tatu,
wajukuu wenye makoti mazuri, wakipiga picha dari
walilobatizwa chini yake, wasilirudie.
Bibi hakulia. Alitafuta bahasha zake kwenye mkoba,
muda mrefu, kapu likimsubiri,
shemasi akimsubiri,
na ule mlio wa zipu ukisikika mpaka kwenye kinanda.

Usiku nilimzima Nyangumi.
Alipumua mara mbili, mabomba yakagongagonga huko juu
kama mtu aliyefungiwa nje, kisha basi.
Baridi ikateremka ngazi, ikakaa karibu nami.

Kumbe mchapaji hakuwa amepata habari.
Jumatatu nilikuta sanduku mlangoni: bahasha za mwaka mzima,
zimefungwa kwa mpira, kila namba na fungu lake.
Nilichukua fungu moja tu. Mungu anisamehe, au asihangaike.

Jumapili iliyopita, kapu la Wabaptisti lilipofika kwangu,
nilitia yangu, nikatia na nyingine.
Baada ya ibada dada Ernestine, mweka hazina, akanijia na miwani puani:
"Themanini na tisa ni nani? Sisi hatuna namba."
Nikamwambia ni jirani.
"Atakuja?"
Nikasema amekuwa akija siku zote,
ila hutembea taratibu.
Akaandika: jirani, dola mbili.